Ukurasa wa Watu wa Charvaka

"Hiyo si kusahihisha, Mama Mukiri. Kusahihisha ni pale nilipoandika 'vitabu hii' na wewe ukaweka 'vitabu hivi'. Hapa umefuta."

"Nimefuta, ndiyo. Na ukinipa nafasi nitafuta tena."

Mwalimu Keshavan alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi ya shule, ameishika stensili kwa vidole viwili kila upande kama mtu anayeanika nepi. Stensili haina siri. Taipureta ikishaondolewa utepe, kila herufi huikata ile karatasi ya nta, na ukiiinua mbele ya dirisha unausoma ukurasa wote kwa nuru inayopenya kwenye matundu ya herufi. Ukurasa wa thelathini na moja ulisomeka vizuri kutoka juu hadi katikati. Hapo katikati palikuwa na mistari mitatu iliyozibwa kwa dawa ya kuzibia makosa, ile nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, na nuru haikupita.

Ciakuthii alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, mikono ameikunja kifuani. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita akiwa sekretari wa shule hii ya wasichana karibu na Nkubu. Diploma yake ilitundikwa ukutani juu ya kabati la faili, mahali ambapo mgeni angeiona kabla ya kumwona mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alimwambia mwalimu kwamba kurasa thelathini za kwanza alizipiga chapa bila manung'uniko, na humo amevumilia mengi, lakini mama wa kanisa hawezi kukaa mchana kweupe akapiga chapa kwamba mbingu haipo.

"Sikusema mimi kwamba haipo," mwalimu alisema. "Nimesema kwamba wao walisema."

"Taipureta haijui tofauti."

Ilikuwa Alhamisi ya Agosti mwaka wa themanini na saba, shule imefungwa, na baridi ya Meru imekaa juu ya mabati kama kuku anayeatamia. Jumamosi wanafunzi wa zamani wangekuja kunywa chai ya kumuaga Mwalimu Keshavan, ambaye mkataba wake ulikwisha baada ya miaka kumi na mitatu, na jioni hiyo hiyo angeteremka kwenda Nairobi na kupanda ndege kurudi kwao Kerala. Miaka yote hiyo alifundisha hisabati. Lakini kila Ijumaa, masomo yakiisha, aliwaweka wasichana waliotaka kubaki na kuwasimulia jinsi watu wa India ya kale walivyofikiri. Na kila likizo aliyaandika masimulizi hayo kwenye madaftari ya shule, kwa mkono, kwa Kiswahili. Walipomuuliza kwa nini asiandike kwa Kiingereza, alisema Kiingereza kina vitabu vya kutosha. Hii lugha alipewa na watu wa hapa, na haikuwa adabu kuondoka bila kurudisha kitu ndani yake.

Madaftari yalifika tisa. Nakala zilitakiwa sitini, moja kwa kila mgeni wa Jumamosi, na mtu wa kuzitoa alikuwa mmoja tu. Ciakuthii alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Alipiga chapa jioni baada ya kazi, wino wa kudurufia akauomba kwa mwalimu mkuu, na Kiswahili cha mwalimu akakinyoosha alipoona kimepinda, ingawa chake mwenyewe, akiwa mzaliwa wa nchi ya Mbeere, kilinyooka darasani na si nyumbani.

Na kusema kweli alikuwa ameanza kuipenda ile kazi. Alipenda wale wazee wa msituni ambao walichoka kuchoma samli kwenye moto wa sadaka wakaanza kuulizana ni kitu gani kinachobaki macho mtu akilala. Alipenda Wajaini, ambao hawakuruhusu mtu aseme jambo kana kwamba ameliona lote, ila aseme, kwa upande mmoja ni hivi. Alijaribu hilo kwa mumewe Riungu kuhusu ng'ombe aliyekataa kukamwa na Riungu akamuuliza kama ana homa. Wafuasi wa Buddha walimsumbua kidogo, kwa vile walisema hakuna mtu aliye yule yule tangu kuzaliwa hata kufa, ni kama mto Thingithu, jina ni moja na maji ni mengine kila siku. Hata hivyo aliwapiga chapa. Alipofika kwa watu wa Nyaya, mafundi wa kuhoji, waliofundisha kwamba ukiona moshi kilimani unaweza kujua kuna moto hata kama huuoni, alichukua penseli akaandika pembeni mwa daftari: Na kama ni ukungu? Mwalimu Keshavan alicheka hadi akavua miwani. Alisema watu wa Nyaya wenyewe walijiuliza jambo hilo hilo, na ilibidi aje mtu wa mlima huu, ambao nusu ya mwaka haujulikani kama unaungua au umepoa, ili aliulize tena bila kufundishwa.

Wakafika ukurasa wa thelathini na moja. Watu wa Charvaka.

Watu wa Charvaka walisema kinachojulikana ni kile macho yanachokiona na mikono inachokishika, na mengine ni habari. Walisema mtu akifa na kuchomwa hakibaki kitu. Walisema mbingu husimuliwa na wale wanaokula kwa kuisimulia. Na mwalimu, kwa kutaka wasomaji wake waelewe, aliandika kwamba kwao akili hutoka mwilini jinsi ukali wa pombe unavyotoka kwenye asali, maji na tunda la muratina, vitu ambavyo ukivitumia kimoja kimoja hulewi. Mistari mitatu. Ciakuthii, ambaye mwaka uliopita aliongoza akina mama wa kanisa kumwaga mapipa mawili ya pombe hiyo hiyo mtaroni mbele ya chifu, aliipiga chapa mpaka nukta ya mwisho, akaisoma, akafungua kichupa cha dawa na kuiziba.

Sasa alimweleza mwalimu jambo lililomkera zaidi. Chini ya kila ukurasa, upande wa kushoto, zilikuwepo herufi zake mbili, c na n. Ndivyo walivyofundishwa chuoni: aliyepiga chapa huacha alama, ili kazi ikiwa mbovu ajulikane. Nusu ya wageni wa Jumamosi walikuwa akina mama wa kanisa lake. Wangesoma kwamba roho ni kama pombe ya muratina, wangeteremsha macho, na wangemkuta yeye.

"Basi ukurasa huo usiweke herufi zako," mwalimu alisema.

"Mimi sitoi kazi isiyo na alama. Kazi isiyo na alama ni ya mtu aliyeiba mashine."

"Weka alama basi, na mistari yangu uirudishe."

"Siwezi."

"Unachotaka ni nini?"

"Sitaki kitu. Nataka hiyo mistari isiwepo."

Mwalimu Keshavan aliiweka stensili juu ya karatasi safi, polepole, maana hukunjika vibaya. Akavuta kiti cha wageni. Alikuwa mwembamba, nywele zimeingia mvi zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na sweta lake la bluu alifumiwa na wanafunzi wa mwaka wa themanini, mkono mmoja mrefu kuliko wa pili. Alisema kwao zamani watu waligawanya mabishano mafungu matatu. Kuna la kutafuta ukweli, ambalo ukishindwa unanufaika. Kuna la kutafuta ushindi tu. Na kuna la tatu, la mtu asiye na lake la kusema, kazi yake ni kubomoa la mwenzake.

"Na mimi niko la tatu," Ciakuthii alisema.

"Wewe umelisema, si mimi."

"Mwalimu, unaondoka keshokutwa. Usinitukane kwa adabu, sina muda wa kuelewa."

Hilo lilimfanya atabasamu, lakini hakuacha. Alimuuliza kama anajua vitabu vya watu wa Charvaka viko wapi. Ciakuthii alisema huko huko India, kwenye maktaba. Mwalimu alitikisa kichwa. Alisema vimepotea, karibu vyote. Havikunakiliwa, majani yaliyoandikwa yakaliwa na wadudu, na hakuna aliyejali. Zaidi ya miaka elfu mbili ya watu waliofikiri kwa ukali na kucheka, na hakuna rafu ya vitabu vyao popote.

"Wewe umewajulia wapi?"

"Kwa maadui zao."

Akaeleza, na mara hii hakufanya mzaha. Kwa wale watu wa zamani ilikuwepo desturi. Mwenye shule yake ya mawazo hakuruhusiwa kuanza na jibu. Alianza na upande wa mpinzani, na ilimpasa auseme kwa nguvu zake zote, bila kuupunguza wala kuupaka matope, kama mtu aliyeajiriwa na mpinzani mwenyewe. Hapo ndipo alipopata haki ya kujibu. Kwa hiyo wachamungu, watawa na mafundi wa kuhoji, vizazi kwa vizazi, waliwaandika watu wa Charvaka ndani ya vitabu vyao ili wawajibu. Wenye maneno walikwisha, vitabu vyao vikawa vumbi. Maneno yalibaki mikononi mwa wale waliowapinga.

"Waliowahifadhi ndio wasiowapenda," mwalimu alisema. "Hakuna mwingine aliyekuwepo wa kuwahifadhi."

Ciakuthii alichukua kitambaa akafuta taipureta mahali palipokuwa safi.

"Nifanyie jambo moja," mwalimu alisema. "Sahau mistari yangu. Wewe mwenyewe niambie watu hawa wanasema nini. Usiseme kama mama wa kanisa. Sema mpaka mmoja wao akikusikia aseme ndiyo."

Alisema hataki. Alisema ana ripoti za muhula za kupanga. Kisha, kwa vile alikuwa mtu asiyeweza kuachiwa swali mezani kama kikombe kichafu, akaanza, na akaanza vibaya, kwa kusema hao ni walevi wasiopenda kuombewa. Mwalimu alitikisa kichwa. Akaanza tena. Alisema ni watu waliochoka kuuziwa wasichokiona.

Alipolisikia neno lake mwenyewe alimwona baba yake.

Baba yake, Ndwiga, alifuga mbuzi kule chini, Siakago, kwenye ardhi nyekundu ambako mvua huja kama mgeni asiyetaka kulala. Alipougua kifua, Ciakuthii akiwa na miaka kumi na mmoja, aliitwa mganga. Mganga aliona mzimu mlangoni, akachukua mbuzi. Siku ya tatu akaona mwingine chini ya kitanda, akachukua wa pili. Hakuna mwingine aliyeuona hata mzimu mmoja. Mbuzi walionekana na kila mtu, wakitembea mmoja mmoja nyuma ya yule bwana, hadi saba. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa sindano za siku chache katika hospitali ya Nkubu. Alipozikwa baba, mama mdogo wake, aliyeolewa huku juu, alimchukua Ciakuthii akaja naye, akamtia shule.

Alimweleza mwalimu hayo yote kwa sauti kavu, akitazama funguo za taipureta. Akamaliza hivi:

"Wanasema hivi. Nionyeshe. Kama huwezi kunionyesha, acha mbuzi wangu. Na wanasema wale wanaoona peke yao vitu visivyoonekana, angalia siku zote nani anarudi nyumbani na nyama. Na wanasema mtu anayependa watoto wake aamke awatafutie dawa inayoshikika, maana baba yao akishakwenda amekwenda, na hakuna atakayemrudisha kwa kumuahidi mahali pazuri. Hilo ndilo wanalolisema. Na si wajinga."

Nje, Kivuti mlinzi alikuwa akifyeka majani kandokando ya uwanja, na panga lake lilisikika likigonga jiwe mara kwa mara.

"Ndiyo," alisema Mwalimu Keshavan. "Mtu wa Charvaka angekuwa hapa angekwambia umesema kutuzidi sisi wenyewe."

Ciakuthii aliyajua maneno hayo. Alikwisha kuyasikia. Yale yale, kwa mpangilio huo huo, na anayesema ni mtu mwingine.

Ilikuwa Januari ya sabini na tano, hapa hapa shuleni, wakati bado ni shule ya harambee yenye madarasa manne. Yeye alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa ameacha masomo katikati ya kidato cha pili, kwa sababu ambayo sasa ilikuwa na miezi kumi na imefungwa mgongoni kwake kwa leso, imelala. Baba wa mtoto huyo alikuwa amekwenda Nairobi na hakuandika barua. Ciakuthii aliandika moja, kwa kamati ya shule, akiomba arudi darasani. Siku hiyo kamati ilikutana. Alikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lisilo na kioo, na akasikia kila neno.

Alimsikia mwalimu mpya wa hisabati, Mhindi aliyesemekana kuwa upande wake, akisimama. Na alimsikia akisema kwamba shule hii ilijengwa kwa mikono ya wazazi, na kila mzazi aliyetoa bati alilitoa kwa ajili ya binti asomaye. Kwamba akirudishwa msichana mwenye mtoto, wengine wataona hakuna cha kuogopa, na kesho wazazi wataogopa kuwaleta mabinti zao. Kwamba wazee wana haki ya kuhofu, kwa sababu shule ikivunjika jina haijengwi tena kwa bati. Na kwamba yeye mwenyewe, kama angekuwa na binti humu, angehofu vivyo hivyo. Aliyasema vizuri sana. Hakuna mzee aliyeyasema vizuri hivyo. Na Mzee Thuranira, mwenyekiti, akajibu kwa sauti iliyojaa: "Mwalimu, umesema kutuzidi sisi wenyewe."

Ciakuthii hakungoja zaidi. Alisimama, akamsawazisha mtoto mgongoni, akaondoka. Alikuwa amefika kwenye kiwanda cha kahawa, macho yamejaa hata haoni njia, Kivuti alipomfikia akihema, akamwambia anaitwa, arudi upesi. Alirudi. Aliwakuta wazee wamekwisha kusimama, na Mzee Thuranira akamshika mkono akamwambia Jumatatu aje na daftari.

Kwa hiyo ndivyo alivyoielewa habari hiyo, na ndivyo alivyoishi nayo kwa miaka kumi na miwili. Mhindi alimkataa. Mzee Thuranira alimkubali. Kila Krismasi alimpelekea Mzee Thuranira mkungu wa ndizi, na mzee aliupokea akisema hajui alitenda nini kuustahili lakini asante.

Ciakuthii alimsamehe Mhindi. Hilo ndilo lililomfanya sasa ashike kingo za meza. Alimsamehe. Kwa sababu baada ya ile Jumatatu hakukuwa na mtu aliyemtendea mema kama yule mwalimu. Alimfundisha hesabu za mwaka aliokosa wakati wa chakula cha mchana, akila wali wake baridi kwa mkono mmoja na kushika chaki kwa mwingine. Siku ya mtihani wa majaribio, mama mdogo alipokuwa mgonjwa, alimbeba mtoto, Mukiri, kwa saa mbili na nusu kwenye baraza, akimtembeza na kumwimbia jedwali la saba, mpaka leo Mukiri husema saba mara nane usingizini. Aliandika barua ya kumwombea nafasi chuoni. Ciakuthii aliyaona yote hayo, akamshukuru kwa kila moja, na moyoni akajieleza kwamba huyu mtu anajuta. Anajuta yale aliyoyasema mbele ya wazee. Akaona ni uungwana asimkumbushe. Mara moja, kanisani, alitoa ushuhuda juu ya kusamehe, bila kumtaja jina.

"Mwalimu," alisema. "Kamati ile ya sabini na tano. Ulisema shule imejengwa kwa mabati ya wazazi."

Mwalimu Keshavan alimtazama. "Umejuaje?"

"Nilikuwa benchi la nje. Nilikusikia."

"Ulinisikia vizuri?"

"Mpaka Mzee Thuranira aliposema umewazidi. Nikaondoka. Nilikuwa nimefika kiwandani Kivuti aliponipata."

"Kivuti alituambia umekwenda kumbadilisha mtoto."

"Kivuti ni mtu mwema. Mwalimu, baada ya pale ulisema nini?"

Alifikiri kwanza, maana alikuwa mtu wa kufikiri kwanza hata akiulizwa saa. "Baada ya pale nilisema upande wako," alisema. "Ulikuwa mfupi. Nilisema kila bati lilitolewa kwa ajili ya binti asomaye, na hapo nje kuna mmoja aliyeomba kwa barua, kwa mwandiko wake, arudi kusoma. Niliwauliza kama kuna binti mwingine yeyote humu aliyewahi kuomba kwa barua. Wakacheka. Mzee Thuranira alisema wewe ni wa mabati yale."

Ciakuthii aliinama. Mwanamke aliyemwaga mapipa ya pombe mbele ya chifu, asiyelia kwenye mazishi ya watu wasiomhusu, alivuta droo ya meza akatafuta leso na hakuiona, akatumia kile kitambaa cha taipureta, na shavu moja likapata doa la wino.

"Mimi nimekuwa nikikusamehe," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa hilo. Miaka kumi na miwili. Nilidhani unajuta."

Mwalimu Keshavan alivua miwani yake. Ilimchukua muda kuelewa, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Ciakuthii alipoona hivyo naye akaanza, akilia na kucheka kwa pamoja, mpaka Kivuti akasimamisha panga lake kule nje na kutazama dirishani. Mwalimu alisema hajawahi kusamehewa kwa muda mrefu hivyo na mtu yeyote, na kwamba anashukuru, haijalishi kosa lilikuwa wapi.

"Usinishukuru wewe," Ciakuthii alisema. "Acha nishukuru mimi. Kaa hapo nikushukuru, sijawahi." Akajaribu. Alitaja wali baridi, alitaja barua ya chuo, alitaja baraza na jedwali la saba. Akafika kwenye ile kamati na maneno yakamwishia. Alisema tu kwamba diploma ile ukutani, na mshahara wa kila mwezi, na Mukiri aliye kidato cha kwanza, na hata Riungu, ambaye alimpata kwa sababu alikuja ofisini hapa kuuza kuni, vyote vilipita kwenye ule mlango wa kamati, na mlango huo ulifunguliwa na mtu aliyeanza kwa kusimama upande wa waliotaka kuufunga.

"Ulifunguka kwa barua yako," mwalimu alisema.

"Mwalimu, mtu akishukuriwa hunyamaza."

Akanyamaza.

Ciakuthii aliitazama stensili ya ukurasa wa thelathini na moja. Dawa ya kuzibia haifutiki. Ukishaziba umeziba, na ukipiga chapa juu yake herufi hutoka na makovu, kazi ya mtu asiyesoma chuo. Aliichukua, akaikunja mara mbili, akaitupa kwenye kapu la taka. Akavuta boksi, akatoa stensili mpya, akaiingiza kwenye taipureta na kuinyoosha. Aliufungua ukurasa wa daftari. Akapiga chapa kuanzia juu, kwa kasi yake yote, maneno hamsini na tano kwa dakika kama cheti kilivyosema, na alipofika kwenye mistari mitatu hakupunguza mwendo. Kuchomwa na kutobaki kitu. Wanaokula kwa kusimulia. Asali, maji, muratina. Alibadili kitu kimoja tu: mwalimu alikuwa ameandika 'tunda hili' mahali palipohitaji 'tunda hilo', akalinyoosha.

"Sasa hiyo ndiyo kusahihisha," mwalimu alisema nyuma yake.

Alipomaliza aliichomoa, akaiweka kando, na kabla mwalimu hajaikaribia alikuwa amekwisha kuingiza stensili nyingine. Mwalimu Keshavan aliangalia daftari. Alisema sura ya watu wa Charvaka imekwisha, ukurasa unaofuata ni wa sura nyingine na hauna haraka, angeweza kuupiga kesho.

"Desturi yenu ina sehemu ya pili," Ciakuthii alisema. "Nimewaandika wote, kwa nguvu zangu zote. Sasa nina haki ya kujibu, au sina?"

Mwalimu alikaa chini taratibu. "Unayo," alisema. "Utaandika kwanza kwenye karatasi?"

"Nina nakala sitini na siku mbili."

Aliandika juu: Ukurasa wa 32, jibu la aliyepiga chapa. Akaandika jina lake lote, Ciakuthii wa Ndwiga, sekretari, ili asiwepo wa kuuliza. Akaandika kwamba hakubaliani na watu wa Charvaka, ingawa kwa habari ya mbuzi anawaunga mkono kabisa, na sababu yake ni ile anayoijua mwenyewe na wala haikutoka kitabuni. Alitua kidogo, vidole vikiwa juu ya funguo. Kisha akapiga chapa moja kwa moja, bila kukosea: Wanasema tuamini tulichokiona na kukisikia wenyewe. Mimi jambo jema kuliko yote niliyotendewa sikuliona. Nililisikia nusu, nikaenda zangu, na likaendelea kutendeka bila mimi.